Kiondo na Kilichomo Ndani Yake: Mikono na Majiko ya Kitui na Makueni

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Kuna swali ambalo akina mama wamekuwa wakitufikishia mara kwa mara, baadhi yao baada ya darsa na wengine kwa kumtuma mtoto na kikaratasi. Swali lenyewe ni hili: daktari amemkataza binti yetu ngano maisha yake yote, je, tutamlisha nini? Swali hili haliji peke yake. Huja na malalamiko ya mume anayesema kwamba huo ni ugonjwa wa matajiri, na ya mama mkwe anayemwona mkaza mwana akiikataa chapati yake na kudhani ni kiburi. Tena huja na habari ya pakiti za unga usio na ngano, zilizopangwa katika maduka makubwa ya mjini, ambazo bei yake haiwezekani kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku.

Sisi twaona kwamba jawabu la swali hili halianzi katika maduka hayo. Laanzia katika njia kuu itokayo Mombasa kwenda bara, pale nchi inapoanza kuwa kavu na mibuyu kuonekana huku na huku, katika kaunti za Makueni na Kitui. Huko wako akina mama ambao majiko yao yamejaa nafaka zisizo na madhara hayo tangu enzi za mabibi zao, bila ya kuzipa jina la kigeni. Na mama hao hao ndio wanaosokota katani na kusuka vyondo, ambavyo asili yake ni vyombo vya kuchukulia nafaka hizo. Makala haya yanaeleza mambo mawili hayo kwa pamoja, kwa sababu anachokihitaji binti yetu mgonjwa na anachokihitaji msusi wa kiondo ni kitu kimoja: biashara ya haki baina ya pwani na Ukambani.

Ugonjwa wenyewe ni upi?

Katika ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, mna protini inayojulikana kwa jina la gluteni. Ndiyo inayoufanya unga wa ngano unate na kuvutika, hata mpishi akaweza kuusukuma mwembamba bila ya kupasuka. Kwa watu wengi haina dhara lolote. Lakini kwa wenye ugonjwa wa siliaki, kinga ya mwili huichukulia gluteni kuwa ni adui, na katika kupigana nayo huuharibu utumbo mdogo wa mwenyewe. Vijinywele vidogo vinavyofyonza chakula hulala na kusagika, na mtu akawa anakula na hashibi, au anashiba na hanawiri.

Dalili zake ni nyingi: kuharisha kwa muda mrefu, tumbo kujaa, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, na mtoto kudumaa hali yakuwa anapewa chakula. Inakadiriwa kwamba mtu mmoja hivi katika kila watu mia ulimwenguni anao. Wala si ugonjwa wa Wazungu peke yao. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 juu ya watoto wa Sahrawi, ndugu zetu Waislamu wa Sahara ya Magharibi, ulikuta asilimia 5.6 ya waliopimwa wanao, kiwango kikubwa kuliko vilivyokuwa vimepatikana Ulaya.

Kisa cha kugunduliwa kwa sababu yake kina mazingatio. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, alishuku ngano kwa miaka mingi. Katika baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, njaa ya vita iliishika nchi yake na mkate ukakosekana. Watu wazima wakakonda, lakini watoto wa siliaki wakapata nafuu. Na mkate uliporudi, maradhi yao yakarudi. Mwaka 1950 akayaandika matokeo ya utafiti wake.

Hapa twataka kutahadharisha mambo mawili. La kwanza, dalili tulizozitaja huletwa pia na minyoo, vijidudu vya maji machafu, kifua kikuu na maradhi mengineyo. Basi asijipe mtu ugonjwa kwa kusoma makala, wala asiseme ni jicho la hasidi au jini akaishia hapo. Kisomo ni dua na dua ni silaha ya Muumini, lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kutafuta dawa, na mwenye kufanya yote mawili hakukosea. La pili ni kwamba kipimo cha damu cha siliaki humtaka mgonjwa awe bado anakula ngano. Mtu akiiacha miezi kadhaa kisha ndipo akapimwe, kipimo chaweza kuonyesha kwamba hana, hali anao. Kwa hiyo hospitali iwe mwanzo, na kubadilisha chungu kuje baadaye.

Ikithibitika, dawa yake ni moja tu: kuiacha gluteni maisha yote, hata kidogo chake. Hapo ndipo swali la mama linaporudi: atakula nini?

Jiko la nchi kavu

Kitui na Makueni ni nchi za mvua haba. Wakulima wa huko huzitegemea zaidi mvua za Oktoba hadi Disemba, na hata hizo hazina ahadi. Katika ardhi ya namna hiyo ngano haikuwa na mahali. Wazee wa Kikamba walipanda mtama, ambao wao huuita muvya, na uwele, ambao huuita mwee. Wakapanda na wimbi, kunde, mbaazi na pojo, ambazo huko huitwa ndengu. Uwele hustahimili ukame kuliko karibu nafaka zote, na mtama waweza kusimama kimya jua likiwa kali, kisha ukaendelea kukua mvua inaporejea.

Katika nafaka na jamii ya kunde zote hizo tulizozitaja, hamna hata moja yenye gluteni. Mahindi pia hayana, wala mchele, muhogo, viazi vitamu, ndizi na viazi vya mviringo. Chakula mashuhuri cha Wakamba, muthokoi, ni mahindi yaliyotwangwa kinuni kwa maji kidogo mpaka ganda likatoka, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe, mbaazi au kunde. Mwenye siliaki aweza kukila mpaka akashiba, na hatahitaji kumuuliza mpishi zaidi ya kama ametia kiungo chochote cha pakiti. Uji wa wimbi wampa madini ya chokaa yanayoimarisha mifupa, na wimbi huzishinda kwa mbali nafaka tulizozizoea katika jambo hilo. Manufaa hayo ni makubwa kwake, kwa sababu utumbo ulioharibika huwa umeinyima mifupa chakula kwa muda.

Pengine msomaji atauliza: ikiwa nafaka hizi ni bora hivyo, mbona hata huko kwenyewe chapati ndiyo chakula cha sikukuu na mahindi ndiyo ya kila siku? Sababu zipo. Mtama na uwele huliwa na ndege shamba zima kwa siku chache, na waliokuwa wakiwafukuza ndege hao ni watoto. Watoto walipokwenda shule, jambo ambalo ni la kheri, shamba la mtama likakosa mlinzi, lakini hindi hujifunika kwa ganda lake. Kisha kutwanga na kupepeta uwele ni kazi nzito ya mama, na unga wa mahindi husagwa kwa mashine kwa dakika chache. Juu ya hayo kukaja fikra kwamba mtama ni chakula cha njaa na cha maskini. Fikra hiyo haina dalili katika dini wala katika tiba.

Tahadhari ya kuvu

Hatungependa msomaji aelewe kwamba kila kisicho ngano ni salama kwa hali yoyote. Mwaka 2004, katika kaunti hizi hizi mbili zaidi ya kwingineko, watu walikula mahindi yaliyovunwa na kuhifadhiwa yakiwa hayajakauka, yakaota kuvu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Wagonjwa 317 walisajiliwa, na 125 kati yao wakafariki. Sumu hiyo huliharibu ini; haionekani kwa macho mara zote, wala haitolewi kwa kuchemsha.

Basi mwenye kuhamia mahindi na karanga kwa sababu ya siliaki na achague kwa makini. Mahindi yakauke barabara kabla ya kuwekwa, yaanikwe juu ya turubai na si juu ya udongo mtupu, na yawekwe juu ya vichanja mahali penye hewa. Yaliyobadilika rangi au kunuka uvundo yatupwe, wala yasipewe kuku, sembuse maskini. Kutoa sadaka chakula usichokubali kukila ni jambo tuliloonywa nalo.

Mikono inayosokota

Tumesema kwamba nafaka hizi zilikuwa na chombo chake. Chombo hicho ni kiondo, ambacho Wakamba hukiita kyondo. Mama alikivaa kwa ukanda uliopita kipaji cha uso na mzigo ukakaa mgongoni, akawa anatoka nacho shambani na kwenda nacho sokoni. Leo wengi wetu twakijua kama mkoba wa mabegani wa mabinti wa mjini, na hatujui kimetoka wapi wala kimechukua siku ngapi.

Zamani nyuzi zake zilitoka katika magome ya mibuyu na ya vichaka vya porini. Mbuyu, ambao sisi pwani twaujua kwa mabuyu wanayoyapenda watoto, una sifa ya kulirudisha gome lake baada ya kubanduliwa, iwapo mbanduaji ana staha. Mkonge ni mgeni. Asili yake ni Meksiko, na uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida. Miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutoka hapo ukaenea Afrika Mashariki nzima, na leo mashamba yake makubwa yako hata Kibwezi katika kaunti ya Makueni, na ua wa mkonge umezunguka maboma mengi ya Ukambani.

Kazi huanza kwa kukata majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka nyama ya kijani ikatoka na kubakia nyuzi. Zikaoshwa, zikaanikwa, zikawa nyeupe. Kisha mama huchukua nyuzi chache, akazigawa mafungu mawili, akaziviringisha juu ya paja kwa kiganja kwenda mbele, kila fungu peke yake, na kiganja kinaporudi nyuma mafungu mawili yanakumbatiana na kuwa uzi mmoja. Hana gurudumu wala pia ya kusokotea. Ni kiganja, paja na mazoea. Nyuzi nyengine hutiwa rangi, ama ya mizizi na magome, ama ya dukani. Halafu huanza kusuka kutoka kitakoni, akizunguka na kupanda, mpaka afike ukingoni. Mikanda ya ngozi hutiwa mwisho, mara nyingi na fundi mwengine.

Kiondo kimoja kikubwa chaweza kuchukua wiki kadhaa, kwa sababu hakisukwi mfululizo. Husukwa baina ya kuteka maji na kupika, baina ya shamba na mtoto. Wapo wanaosuka huku wakitembea kwenda kisimani, na wapo wanaokutana chini ya mti katika vikundi vyao, mikono ikifanya kazi na ndimi zikishauriana mambo ya nyumbani. Fedha yake si ya anasa. Ni karo ya shule, ni nauli ya hospitali, na katika mwaka wa ukame ni chakula chenyewe.

Sisi watu wa pwani tusidhani kwamba kusokota ni jambo la wengine. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochimba Kilwa walikuta vijiduara vya vigae vilivyotobolewa katikati, navyo ni vya kusokotea uzi wa pamba. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza habari za nguo zilizofumwa huko na kupelekwa mpaka Misri. Na vitambaa vya Pate vilikuwa na jina katika biashara ya bahari hii. Hata leo, bibi zetu wa Lamu na wa Pemba wangali wanasuka ukili na kushona mikeka tunayoswalia. Tena Mwenyezi Mungu, katika Suratu An-Nahl, ametupigia mfano wa mwanamke aliyeukatakata uzi wake baada ya kuusokota ukawa madhubuti, kutuonya tusizivunje ahadi zetu. Mfano huo hauingii moyoni ila kwa mtu anayejua taabu ya kusokota. Mama wa Kitui akisomewa aya hiyo hahitaji mfasiri mrefu.

Pwani na Ukambani si wageni

Uhusiano baina yetu na watu hawa ni wa kale. Katikati ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilishuka Mombasa na pembe za ndovu na ikarudi na nguo, shanga na chumvi. Mji wa Sultan Hamud, uliopo Makueni kandokando ya reli, una jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia mwaka 1896 hadi 1902. Na leo adhana husikika Kitui mjini, Mwingi, Kibwezi na Makindu, na miongoni mwa wanaoinuka kuiitikia ni Wakamba wenyewe, si wafanyabiashara wahamiaji tu.

Lakini je, biashara baina yetu ni ya haki? Kiondo hupita mikono mingi. Dalali huenda mpaka kijijini, akamkuta mama asiyejua bei ya mjini na mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akanunua kwa anachotaka yeye. Kisha kiondo hicho hicho huuzwa Mombasa au Nairobi, au ng'ambo, kwa mara nyingi zaidi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuwapokea wenye bidhaa njiani kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Wanazuoni wameeleza hekima yake: asidhulumiwe muuzaji kwa ujinga wake wa soko. Sisi hatuoni tofauti baina ya mwenye ngamia wa wakati ule na mama wa Mutomo au Kathonzweni wa leo. Udalali wenyewe ni halali, na msafirishaji ana haki ya faida kwa taabu yake. Kilicho haramu ni kuificha bei na kuifanya dhiki ya mtu kuwa mtaji.

Tangu tarehe 28 Agosti 2017, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mlango mkubwa ulifunguka kwa vikapu na vyondo. Wengi wetu, hata hivyo, tulihamia mifuko mengine ya viwandani. Kaunti ya Kitui nayo, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ilianzisha kituo cha ushonaji, na mwaka 2020, katika msiba wa korona, mafundi wake walishona barakoa kwa wingi. Hilo lilituonyesha kwamba mikono ya huko haikosi ujuzi. Inachokosa ni mnunuzi mwaminifu.

Jambo la mtama ni hivyo hivyo, na pengine ni zito zaidi. Katika miaka ya karibuni, mtama wa Kitui na Makueni, hasa ule wa aina ya gadam, umekuwa ukinunuliwa kwa ajili ya kutengenezea bia. Mkulima Muislamu wa huko hujikuta baina ya mambo mawili: auze nafaka yake kwa kazi anayojua kuwa ni haramu, au akae nayo na madeni yamzidi. Ni rahisi kwetu kumlaumu kutoka juu ya mimbari. Lakini nani miongoni mwetu amemwendea na kumwambia, tuuzie sisi, tutaula? Familia za pwani zikirudi kula mtama, hata siku mbili kwa wiki, mkulima huyo atapata soko jengine. Kumkataza mtu mlango mbaya bila ya kumfungulia mzuri ni nusu ya nasaha.

Majikoni kwetu

Basi tumrudie binti yetu. Baadhi ya vyakula vinavyomfaa ni vya pwani yenyewe, ila tumevisahau. Mkate wa mofa, waliokuwa wakiula wazee wetu, asili yake ni unga wa mtama uliokandwa kwa maji na chumvi, ukabandikwa katika tanuri la udongo. Vibibi, vitumbua na mkate wa kumimina ni vya mchele na nazi. Mbaazi za nazi zaweza kuliwa kwa vibibi badala ya mahamri. Muhogo wa nazi, pojo kwa wali, samaki wa kupaka, viazi vitamu na ndizi mbivu za kupika, vyote hivyo havimdhuru. Mwezi wa Ramadhani meza yake yaweza kujaa bila ya sambusa, kaimati wala tambi.

Mwenye kutaka chapati ya mtama na ajue kwa nini hupasuka: unga huo hauna gluteni ya kuushika. Dawa yake ni kuusonga kwa maji yaliyochemka, kuuchanganya na unga laini wa muhogo kiasi cha robo, na kuusukuma ukiwa bado una joto. Chapati itakuwa nene kidogo kuliko ya ngano, lakini itakunjika.

Yapo pia ya kuchungwa. Mashine ya kusaga inayosaga ngano hubakiza unga wake ndani, hivyo ni bora kusagisha pale panaposagwa mahindi na mtama tu, au kuwa na kinu cha nyumbani. Unga wa uji wa mchanganyiko usinunuliwe bila ya kuulizwa, kwa kuwa huweza kutiwa ngano. Wauzaji wengine huchanganya unga wa ngano katika vitumbua na viazi karai. Mafuta yaliyokaangiwa mahamri yasikaangiwe chakula cha mgonjwa, na awe na mwiko na kibao chake. Shurba na boko boko za ngano haziwezekani kwake, hata kijiko kimoja cha kuonja.

Tumeulizwa pia kuhusu shayiri, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) alikula mkate wake na akaisifu talbina kwa mgonjwa. Twasema: kuipenda sunna ni ibada, lakini dini yetu imesimama juu ya kuondoa madhara, na mwenye kudhurika kwa shayiri hakuiacha sunna kwa kuiacha shayiri. Na ama zaka ya fitri, katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi hutolewa katika chakula kikuu cha watu wa mji, pishi moja kwa kila kichwa. Kwa hiyo ndugu zetu wa Kitui ambao chakula chao ni mahindi au mtama watoe hicho, na wasione haya kwamba si mchele wala ngano.

La mwisho ni kwa waume na akina mama wakwe. Mwanamke au mtoto anayekataa chapati kwa sababu ya siliaki haringi. Kumlazimisha kwa ajili ya wageni, au kumpikia ngano kwa siri ili kumjaribu, ni kumdhuru kwa kusudi, na kumdhuru Muislamu ni haramu. Anayemhurumia na ajifunze kupika mlo mmoja ambao nyumba nzima wataula pamoja naye, asitengwe kwa kisahani chake pembeni.

Na dada zetu wenye uwezo, mnapopita Mtito Andei, Kibwezi au Wote, au mnaposhika ile barabara ya Mutomo kwenda Kitui, simameni sokoni. Ulizeni kikundi cha wasusi wenyewe, nunueni kiondo kwa bei ambayo nyinyi mngeiridhia kwa siku zenu kumi za kazi, kisha kijazeni mtama, pojo na wimbi vilivyokauka vizuri. Kiondo hicho kikifika Mombasa kitakuwa kimemlisha mtoto wa msusi, na kilichomo kitamlisha binti yetu. Mkifanya hivyo kwa nia ya kheri, ni sadaka na biashara kwa wakati mmoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, aibariki mikono ya mama wanaosokota na kusuka, ainyweshe ardhi ya Kitui na Makueni mvua ya rehema, na atujaalie riziki iliyo halali na nzuri. Amin.

Wabillahi tawfiq.